Kofia Haikushika Hata Tone

Baba yangu, mwenye Mwewe,

Asalaam aleikum. Sijui kama huko uliko kuna magari. Kama yapo, basi najua uko chini ya mojawapo, umelala chali juu ya kipande cha katoni, unamfokea mtu akupe ufunguo namba kumi na tatu. Dua nimeshakuombea na nitaendelea kukuombea, maana ulinizaa na ukanifundisha kazi. Lakini leo sikuandikii dua. Leo nakuandikia kwa sababu nina hasira na wewe, na hasira hii nimekaa nayo miaka mingi mpaka imenizoea.

Watu wataniambia marehemu hasemwi vibaya. Sawa. Mimi sikusemi, nasema na wewe, tena mbele za watu. Nataka tuzungumze juu ya Mzee Rajabu, muuza petroli, yule uliyembebesha kifo cha Mama na hali wewe na mimi tulijua hana kosa. Tulijua wawili tu katika mji mzima wa Rumonge. Sasa umeondoka, umeniachia peke yangu, na urithi huo mimi sikuuomba.

Ila sitaanzia hapo. Nikianzia hapo watu watadhani ulikuwa mtu mbaya, na hukuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniuma. Ungekuwa baba mlevi, baba wa kupiga watu, ningesema, aa, tulijua tu. Wewe ulikuwa mtu wa kufunga moteri ya watu, ukiona skrubu moja imebaki mezani, unafungua yote upya, hata mwenye gari alie kwamba amechelewa.

Unamkumbuka yule Mgriki wa duka la vitenge na chumvi, uliyemtengenezea gari miaka kumi na mbili? Alipoamua kurudi kwao hakukupa barua ya sifa wala saa ya mkononi. Alikupa ufunguo wa Mwewe na kofia yake ya pama. Mama alisimulia kwamba siku hiyo ulilia, ukasingizia moshi. Gari lenyewe lilikuwa jekundu kama mawese mabichi, milango miwili, na puani lina ndege wa fedha amekunja mabawa tayari kushuka. Jina lake la Ulaya hakuna aliyeweza kulitamka vizuri pale mtaani kwa Waswahili. Tukamwita Mwewe, na magari mengine yote yakabaki kuwa magari tu.

Ukutani garajini ulibandika picha ulizokata kwenye magazeti ya Kifaransa. Mwewe anapanda milima kwenye mashindano, Mwewe ametapakaa tope, Mwewe na dereva mwenye miwani. Ulinisimulia kiwanda chake kana kwamba ulizaliwa humo. Baba mmoja na wanawe wawili, ulisema, na kila moteri ikimalizika, fundi aliyeifunga anagonga jina lake ubavuni kwa herufi za chuma. Ulinishika kidole ukakipitisha juu ya jina lile la mgeni, nikiwa bado nasoma shule ya msingi. "Unaona? Fundi asiyeandika jina lake kwenye kazi, ana kitu anaficha." Niliyaamini maneno hayo kuliko nilivyoamini jedwali la kuzidisha.

Ukanifundisha kusikiliza. Ncha ya bisibisi ndefu kwenye moteri, mpini wake sikioni kwangu, na wewe umesimama pembeni umefumba macho na unaona kila kitu. "Sema inasema nini." Nikasema valvu ya tatu inagonga. Ukacheka mpaka wateja wakageuka. Majirani walinong'ona kwamba unamharibu mtoto wa kike, nani ataoa mikono ya grisi? Ukawajibu kwamba mikono ya grisi haiombi ugali kwa mtu. Jamani, nilikupenda siku ile.

Kisha vita ikaja na barabara ikawa si barabara tena. Wewe unaijua habari hii, lakini wapo watakaosikia barua hii ambao walikuwa watoto au walikuwa wamekimbilia Tanzania, kwa hiyo nawasimulia wao. Kwenda Bujumbura ilikuwa lazima kungoja konvoa. Asubuhi magari yalipangwa pale parkingi, gari la askari mbele, la pili la askari nyuma kabisa, sisi raia katikati. Na nafasi ile ya kwanza baada ya askari, madereva waliiita mlango. Wakipigwa risasi, askari wa mbele husimama kujibu. Basi yule aliyeshika mlango kazi yake ni moja, kuwapita askari na kukimbia, asiangalie nyuma, ili wote waliomfuata watoke. Mlango ukikwama, kila aliye nyuma yake amefungiwa ndani.

Hakuna aliyepiga kura. Walikuambia tu, "Muzee, weka Mwewe mbele, hii iko yenye kufungua njia." Ukaweka. Mara mbili waasi walitushambulia kule mbele ya Magara, na mara mbili Mwewe alitoka pale akiunguruma, na magari yote yakatoka nyuma yake. Mara ya pili nilikuwa nimekaa kando yako. Nilisikia mgongo wangu unagandamizwa kwenye kiti, nikakuona unatabasamu, na risasi bado zinalia. Sokoni wanawake walianza kumwita Mama "Mama Mwewe". Wakimuuzia samaki wa mukeke wawili wanamwongezea wa tatu. Mama akija nyumbani anasema, "Leo gari lenu limeleta kitoweo."

Halafu embago. Mipaka ikafungwa, spea zikakatika, petroli ikawa inavuka ziwa ndani ya bidoni chini ya mizigo ya samaki. Mwewe akafa gia. Ulizichonga meno mwenyewe kwa tupa, wiki nzima, vidole vikitoka damu, na alitembea siku nne. Akafa tena. Akakaa garajini amefunikwa turubai, na madereva wakaanza kushikisha mlango gari hili na lile, kila siku wakikuuliza, "Muzee, bado?"

Ndipo lilipoletwa lile gazeti. Uliniambia nikusomee kwa sababu macho yako yamechoka. Macho yako hayakuwa yamechoka, Kifaransa chako ndicho kilikuwa kifupi, na sikukuumbua. Nikasoma. Liliandika kwamba yule baba alishakufa siku nyingi, wanawe wamekiuza kiwanda kwa kampuni kubwa, na kampuni hiyo imefunga idara ya moteri, mafundi wote wamerudishwa makwao. Jina limebaki, ndege amebaki, ila chini ya boneti sasa wanaweka moteri za magari yao ya kawaida. Mwandishi alisema ukifumba macho huwezi kulitofautisha na teksi. Ukachukua gazeti ukalikunja. "Waongo hao. Mutu wa gazeti anajua nini juu ya moteri?"

Kumbe ulikuwa umeshapanga. Kuna mfanyabiashara Bujumbura alikuwa na Mwewe mpya, milango minne, rangi ya majivu, limeingia nchini sijui kwa njia gani. Akakubali kulichukua jekundu vilevile limekufa, na kitu cha kuongezea. Kitu cha kuongezea kilikuwa michikichi ya Mama, ile aliyoachiwa na mama yake. Mama hakubishana. Alisema, "Kama ni la kutoa watu njiani, basi liuzwe shamba." Nakukumbusha maneno yake ili ujue aliuza akiamini nini.

Siku lilipofika parkingi ilijaa watu. Watoto walimpapasa ndege puani. Madereva walikushika mkono mmoja mmoja. Bosco, yule wa basi dogo la bluu, alipiga magoti mbele ya gari kwa mzaha, akasema, "Murakoze, asante, Mwewe, umerudi!" Watu wakacheka. Na wewe ulicheka, ila hukufungua boneti. Wewe, Baba! Mtu ambaye hata baiskeli mpya ungetaka kuona ndani yake.

Walipotawanyika ukalifungua. Ukachukua bisibisi yetu, ukainama, ukasikiliza muda mrefu kuliko kawaida. Kisha ukanipa mimi. Sikuhitaji hata kuinama. Ilikuwa moteri ya vigari vile vyeupe vya kubebea nyanya, tulikuwa tumevifungua na kuvifunga mara zisizo na idadi, kikohozi chake nakijua hata ndotoni. Ukapangusa ubavu wake kwa kitambaa ukitafuta jina la fundi. Jina hakuna. Namba tu, na alama ya kampuni nyingine.

Nikasema, "Baba, hii si Mwewe."

Ukasema, "Pua iko ya Mwewe."

"Pua haikimbii, Baba."

Ukafunga boneti taratibu, kama mtu anayefunika chungu asiwaamshe wageni. "Zaituni, usiambie mutu. Watu wanamuhitaji Mwewe. Wakijua hayuko, nani atathubutu kutoka hapa? Na mama yako ameuza michikichi. Unataka nimwambie nini?"

Nilitaka umwambie ukweli, ndicho nilichotaka. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na sikuwahi kukukatalia jambo. Nikanyamaza. Hapo nami nina fungu langu, sikatai.

Na ulinyamaza wewe pia, ukaendelea kushika mlango. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, barabara ikawa tulivu, na utulivu ule ukakudanganya kwamba gari linatosha. Ukawa unaosha ile nembo ya ndege kila asubuhi. Boneti hukuifungua tena mbele ya mtu. Ukihitaji kubadilisha plagi unafunga kwanza mlango wa garaji, mchana kweupe, na wateja wako nje wanashangaa fundi ameanza kuona haya lini. Mama tu ndiye aliyesema neno. Tulikuwa tunapanda kilima, akasema, "Hili gari linapumua kama mimi nikibeba maji." Ukacheka sana, Baba. Ulicheka mpaka Mama akakutazama.

Kiwanda kile kilikusaliti, hilo nakubali. Ulikipenda miaka thelathini, ukakibandika ukutani, nacho kikauza jina lake kwa watu wasiojua maana yake. Mama angesema nguo ya kuazima haisitiri matako. Lakini wao wako mbali, hawakujua kama kuna Rumonge, hawakujua kama kuna mlango. Wewe ulitujua sote kwa majina. Ulimjua Bosco, ulimjua mkewe, ulikula harusini kwao. Ungewaambia tu, "Jamani, hili si lile, mlango apewe mwingine," wangecheka siku mbili, wakampa yule mwenye pikapu ya kijani, na maisha yangeendelea. Ulichokuwa unaogopa ni siku mbili za kuchekwa.

Siku yenyewe tulikuwa tunampeleka Mama Bujumbura akatolewe mtoto wa jicho. Asubuhi ile mimi ndiye niliyejaza petroli. Mzee Rajabu alileta bidoni mbili mwenyewe, akazitua, akasimama pale kungoja bidoni zake. Akaniambia, "Chuja vizuri, binti, hii imevuka ziwa." Nikatoa kofia ya Mgriki. Kila anayesikia barua hii aliwahi kuiona, kofia ya pama ya sufu nzito, umeipindua mdomoni mwa tangi. Petroli inapita, maji yanabaki ndani ya kofia. Ulinifundisha wewe, na ulisema usiamini macho, amini kofia. Nilimwaga bidoni ya kwanza, nikatazama. Nikamwaga ya pili, nikatazama. Kofia haikushika hata tone. Nikamwonyesha Mzee Rajabu, akacheka. "Mimi siuzii watu maji, binti. Maji yako ziwani, bure." Nawe ulikuwa umesimama hatua mbili kutoka pale, unafuta kioo. Uliona.

Tulipopita Magara, upande wa kuingia Muhuta, risasi zikaanza kutoka migombani. Askari wakasimama. Ukatoka kuwapita kama ilivyo kazi ya mlango, ukakanyaga. Mbele yetu palikuwa na kile kimlima kidogo, unakijua, Mwewe wa zamani alikuwa hakihisi. Gari likapiga kelele na halikuongeza mwendo. Uliteremsha gia, ukakanyaga tena, likapiga kelele zaidi. Basi la Bosco likatufikia nyuma likatugonga, akawa anatusukuma, masikini, anatusukuma ili tutoke. Nilisikia Mama anasema "Yoo" kwa sauti ndogo, kama mtu aliyekumbuka ameacha sufuria jikoni. Sikujua kwamba ndiyo basi.

Tulimpoteza Mama, na tulimpoteza Bosco kwenye usukani wake. Sikulaumu kwa risasi. Risasi haina adabu, na labda hata lile jekundu lisingetutoa. Nimejiambia hivyo mara nyingi na siku nyingine naamini.

Nakulaumu kwa jamvi.

Siku ya tatu ya matanga madereva walikuja wote, wakakaa uani. Mdogo wake Bosco akauliza kwa heshima, mkono kifuani, "Muzee, Mwewe ilipatwa na nini?" Nilikuwa mlangoni na sinia la kahawa. Nikasema moyoni, sasa Baba anasema. Nikakuonea huruma kwa jinsi itakavyokuwa vigumu. Ukaangalia chini, ukasema, "Ni esanse. Petroli ilikuwa na maji." Na baada ya kusema hivyo, ukainua macho ukaniangalia mimi. Hukumwangalia mdogo wake Bosco. Uliniangalia mimi, mimi niliyechuja.

Baba, kwa nini uliniangalia? Nimejiuliza zaidi ya nilivyojiuliza juu ya kifo. Ulitaka niseme? Ulitaka nisaidie? Ningefanyaje, nimkanushe baba yangu juu ya jamvi la mama yangu, mbele ya wanaume arobaini, na sinia mkononi? Ulijua siwezi. Uliitumia adabu yangu kama kifuniko, na adabu hiyo ulinilea nayo wewe.

Saa ile ile walimwendea Mzee Rajabu. Walivunja kibanda chake, wakamwaga petroli yake chini, wakamwita muuaji. Mkewe alitoka na godoro kichwani. Alijaribu kusema, "Muulizeni binti, alichuja, aliona!" Na watu walikuja kuniuliza, Baba. Wawili walikuja. Nikasema sikumbuki vizuri. Hayo ndiyo maneno yangu ya aibu, nimeyaandika hapa yasomwe pamoja na yako. Rajabu na mkewe wakahama Rumonge.

Baada ya arobaini nilikufuata garajini. Nilisema, "Kofia haikushika hata tone." Ulikuwa unaosha mikono kwa omo na mchanga. Ukasema, "Mutu akisha kufa, hata ukisema, hafufuki." Nikakuambia Rajabu hajafa. Ukaendelea kuosha mikono. Iliyokuwa safi ukaiosha tena, na mimi nikaondoka.

Tangu siku hiyo tulikula sahani moja miaka yote na hatukuzungumza tena kitu chenye maana. Uling'oa nembo kwenye mabaki ya gari ukaiweka karibu na kitanda. Ulipokuwa mgonjwa nilingoja. Kila nilipokuinua kukunywesha uji nilisema, labda leo. Uliniusia juu ya funguo, juu ya mashine ya kuchomelea, juu ya mteja wa Nyanza-Lac ambaye hajaja kuchukua radieta yake. Juu ya Rajabu, ng'o. Ukaenda.

Wiki iliyopita huyo mteja wa radieta alikuja. Tukaongea, akaniambia kule Kabonga, jirani na kwao, kuna mzee anayeshona nyavu, kila akisikia mtu katoka Rumonge anamuuliza kama garaji yako bado ipo. Nilijua ni Rajabu, sikulala. Asubuhi nikafunga garaji, nikatia nembo na kofia kwenye mfuko, barabara siku hizi imetulia, ukitaka unaondoka bila kungoja mtu. Nilimkuta amekaa mbele ya nyumba ndogo ya matofali mabichi, wavu magotini, mikono inatetemeka lakini sindano inajua njia yake.

"Amahoro, Mzee."

"Amahoro, mama. Unatafuta wavu?"

"Hapana, Mzee. Mimi ni Zaituni, mutoto wa fundi wa Mwewe."

Hakushtuka. Akanisogezea kigoda. Nikatoa kofia na nembo, nikaviweka chini mbele yake, nikamwambia yote kama nilivyoandika hapa, moteri ya nyanya, boneti, jamvi. Alimaliza kwanza tundu alilokuwa anafunga. Akaichukua nembo akaigeuzageuza. "Ilikuwa nzuri kweli hii," akasema. Halafu akasema neno ambalo sikulitegemea.

"Mimi nilifikiri labda ni kweli."

Nikamuuliza kweli gani.

"Kwamba kofia ilinidanganya, bidoni moja ikanipita. Nilikuwa na haraka siku ile. Baba yako alikuwa fundi mkubwa, hasemi kitu asichokijua. Nikasema, Rajabu, wewe umeua mama wa watu. Kila Ijumaa namuombea mama yako, na mimi najiombea msamaha."

Kila Ijumaa, Baba. Ulikuwa kwenye safu ya mbele msikitini Rumonge kila Ijumaa, naye alikuwa Kabonga anatubu dhambi yako. Nililia pale chini kama mtoto. Yeye ndiye aliyeniambia pole, sikia vituko hivyo. Mkewe hakuwapo kusikia. Alikufa mwaka juzi, akiitwa mke wa muuaji.

Nilipopangusa macho akaniuliza, "Nani mwingine anajua?"

Nikasema, "Wewe na mimi, Mzee."

Akaichukua sindano yake, akarudi kwenye wavu. "Walionifukuza walikuwa wengi kuliko hao."

Basi ndiyo maana nimeiandika barua hii hivi, wazi, na nimeeleza mambo unayoyajua. Kesho asubuhi, madereva wakiwa wamejaa pale parkingi, nitasimama mahali ulipokuwa unaegesha Mwewe na nitaisoma yote, pamoja na pale niliposema sikumbuki vizuri. Mdogo wake Bosco siku hizi ndiye anayeendesha basi la bluu. Ni mteja wangu. Huenda kesho asiwe, na wengine pamoja naye, na garaji uliyoniachia ikabaki na picha zako za ukutani tu. Nimeogopa usiku kucha na bado naogopa, lakini Mzee Rajabu anakuja na gari la kwanza kutoka Kabonga. Nimemwekea kigoda chako.

Nimekupenda, Baba, na hilo halikuniondokea hata siku moja. Ungekuwa hai ningekushika mkono twende wote. Wewe ulinifundisha kwamba fundi asiyeandika jina lake kwenye kazi, ana kitu anaficha. Langu hili hapa.

Binti yako Zaituni,
niliyechuja ile petroli